Nguruwe wa Mpakani

Wajukuu wangu hawaamini kwamba mimi, na magoti yangu haya, niliwahi kushuka mteremko wa mlima Meru nimekalia ganda la mgomba huku nikipiga kelele mpaka mbega wakahama miti. Wanacheka. Mmoja aliniambia, "Bibi, nawe kwa kutunga!" Situngi, mtoto wewe. Tulikuwa tunateleza, wanawake wazima, wake za watu, wengine wameshaitwa bibi, na hakuna aliyetuona wendawazimu.

Mahali penyewe palikuwa ndani ya msitu, juu kabisa ya mashamba, pale ambapo miti inaachia nafasi na unatokea uwanda wa nyasi fupi ulioinama mpaka kijitoni. Mkishafika, kwanza mnapumzika, mnakula. Halafu kila mtu anatoa ganda lake alilobeba kutoka nyumbani. Ganda zuri ni la shina la mgomba ulioangushwa jana yake, pana, upande wa ndani bado una utelezi. Unaweka huo upande wenye utelezi chini, unakaa, unashika ncha ya mbele na kuiinua kidogo, halafu unamwambia mwenzako akusukume. Basi. Kuanzia hapo si wewe unayeamua. Chini kule kuna kijito, na maji yake yanatoka juu mlimani, baridi ya kukata meno. Asiyejua kusimama anaingia mzima mzima, na hao ndio tuliowashangilia kuliko wote.

Tulikwenda mara moja kwa mwaka, ulezi ukishavunwa na maharage yakishaanikwa. Wameru tulipanda kutoka upande wa macheo, Waarusha wakapanda kutoka upande wa machweo, tukakutana pale kati. Wanaume hawakuja. Wao walikuwa na pombe yao ya ulezi ya kumaliza, na sisi tulikuwa na siku yetu.

Lakini mimi sikuwa nakwenda kuteleza tu. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona mama yangu.

Nimezaliwa Mwarusha. Kaka zangu walichunga ng'ombe mpaka Kisongo, na lugha ya kwanza niliyoisikia ni Kimaa. Baba yangu alikuwa na rafiki yake Mmeru ambaye waliwahi kusaidiana katika mwaka wa njaa, na katika urafiki huo ndimo nilimoolewa, kwa mtoto wa yule rafiki. Siku naletwa kwa mume sikujua hata kuomba maji kwa Kimeru. Mama mkwe alinifundisha kwa kunicheka. Nikikosea neno, analirudia kwa sauti yangu mbele ya majirani, watu wanashika mbavu, na mimi kesho sikosei tena. Nilimchukia kwa miezi mitatu hivi, halafu nikampenda mpaka alipokufa.

Kwenda kwetu ilikuwa shida. Si mbali sana kwa jicho, ila kuna mabonde, na kwenda na kurudi ni kulala njiani. Sasa ng'ombe je? Kule kwa Wameru ng'ombe hakai malishoni. Anakaa bandani, na majani anakatiwa na kuletewa, kila siku ya Mungu, mvua inyeshe isinyeshe. Mama mkwe mgongo ulishamgomea. Nikiondoka siku mbili, ng'ombe wanalia njaa. Na mama yangu naye hakuweza kuja kwangu, kwa sababu kwetu Waarusha mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, sembuse kulala chini ya paa moja. Basi tulibaki na siku ile moja ya uwandani. Nilikuwa naanza kuisubiri tangu ulezi unapopandwa.

Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mdomo. Akiniona tu anaanza: "Umekonda. Hawa wala ndizi wanakupa nini?" Namjibu, "Wananipa ndizi, yeyo." Anaguna. Halafu ananifungulia kibuyu cha maziwa mgando aliyoyabeba mgongoni tangu alfajiri, na hafurahi mpaka nimeyamaliza. Nikishamaliza ananiuliza habari zote kwa mpigo, watoto, mama mkwe, ng'ombe, mume, na akifika kwa mume anashusha sauti ingawa hakuna anayetusikia.

Sasa nije kwa mume.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Waweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka jioni ukaambulia "ndiyo" mbili na "hapana" moja. Kabla hajanioa alikuwa amebeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani pale Arusha, na huko ndiko alikopata Kiswahili na ule mtindo wake wa kusimama wima kama anasubiri kuitwa jina. Wajerumani walipotangaza kwamba msitu wote wa juu sasa ni wa serikali, na kwamba hakuna kukata mti wala kuingia bila cheti, Mjerumani mmoja aliyewekwa kuutunza, tuliyemwita Bwana Msitu, alizunguka akitafuta walinzi. Akamchagua mume wangu. Akampa koti la kaki lenye vifungo vya shaba.

Lo! Lile koti! Alilipiga pasi kwa kulilalia. Vifungo alivisugua kwa majivu kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso. Nikaanza kumwita Bwana Vifungo. Mwanzoni kwa utani.

Bwana Msitu akamwagiza achimbie vigingi vya mwerezi mkavu kuzunguka msitu wote wa upande wetu, kila baada ya hatua kadhaa, ili mpaka uonekane. Mume wangu akaenda. Lakini hakuchimbia mwerezi. Akachimbia masale.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Sale ni kile kimti chenye majani marefu ya kijani, ukikata kipande chake ukakichomeka ardhini kinashika. Kwa Wameru ndio mpaka. Shamba na shamba hutenganishwa na masale, na pakiwa na masale pameisha, hakuna mabishano. Hakuna anayeyang'oa. Yakitokea kung'oka, hayatupwi wala hayachomwi moto, yanapandwa tena. Na ukimkosea mtu kosa kubwa, unafunga jani la sale fundo, unampelekea, na yeye akilipokea amekusamehe. Mume wangu alikuwa amekulia humo. Kuambiwa aweke mpaka kwa vijiti vikavu aliona ni mchezo wa watoto. Aliniambia, na hiyo ilikuwa hotuba ndefu kwake, "Kijiti kikavu ni kuni. Mpaka ni masale."

Akayapanda chini ya ule uwanda wetu. Maana yake uwanda ukawa ndani, mali ya serikali, na sisi nje.

Siku niliyojua hilo sikupika. Nilimwuliza, "Na siku yetu je?" Akasema, "Hakuna kuingia bila cheti." Nikasema, "Na mama yangu?" Akatazama vifungo vyake. Akarudia, "Hakuna kuingia bila cheti." Ningekuwa na mwiko mkononi siku ile sijui! Nilimwambia maneno mengi, mengine kwa Kimaa ili nisiyazuie. Nilimwambia amepanda mpaka kati yangu na tumbo lililonizaa. Alikula ndizi baridi za jana, akaenda zake kulala.

Mwaka huo hatukupanda mlima kwenda uwandani. Wanawake wa upande wetu walinung'unika visimani, lakini kila mtu aliogopa kiboko. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano vya Wajerumani, haikuwa hadithi, tuliwajua watu waliorudi kutoka boma wakilala kifudifudi. Yeyo aliniletea salamu kwa mama mmoja aliyekuja sokoni kuuza magadi: "Mwambie binti yangu mume wake ni mbwa wa wazungu." Yule mama aliufikisha ujumbe neno kwa neno, kwa sauti, mbele ya watu. Nilirudi nyumbani nikilia na kucheka pamoja.

Baada ya mvua, Bwana Msitu akaja kukagua kazi. Nilikuwepo, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe pale karibu. Alikuwa mzungu mwembamba, pua imeunguzwa na jua, hana ukali wa sauti lakini kila kitu lazima akiandike. Akafika kwenye mstari, akasimama. Vigingi vyake vilikuwa vimeota majani! Akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu cha wakati ule, "Hiki nini? Niliagiza mwerezi."

Mimi niliacha kukata. Nilikuwa nimemkasirikia mume wangu mwaka mzima, lakini hapo nilimwogopea.

Mume wangu akasimama wima. Akasema, "Bwana, mwerezi mkavu watu watauchoma. Sale hakuna atakayeligusa. Hata wewe usipokuwepo."

Bwana Msitu akatembea kidogo kando ya mstari, akarudi. "Na likifa?"

"Halifi. Ila likitolewa na mnyama, kwa kawaida yetu halirudishwi na mtu mmoja. Wanakuja majirani wa pande zote, wanapanda pamoja, wanakula pamoja pale pale. Wasipofanya hivyo, mpaka si mpaka."

"Majirani gani?"

"Wameru wa huku na Waarusha wa kule. Wanaume wako kwenye kazi ya barabara. Wangekuja wanawake."

Yule mzungu akafikiri, akatoa kitabu chake, akaandika. Halafu akatoa amri yake, na mume wangu akatutafsiria baadaye kijijini akiwa amefunga vifungo vyote mpaka shingoni: mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, mpaka utakaguliwa. Pakiwa na pengo, wanawake wa pande zote wataruhusiwa kuja siku moja kupanda masale, kula na kupumzika uwandani, kisha watoke kabla jua halijazama. Pasipokuwa na pengo, hakuna anayeingia.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilimfuata nyumbani, nikamwambia, "Pengo litoke wapi? Umetuambia mwenyewe masale hayafi! Umempa mzungu maneno matamu, sisi umetupa upepo." Akasema, "Tutaona." Nikasema, "Tutaona nini, Bwana Vifungo?" Na safari hii haukuwa utani.

Ulezi ukavunwa. Maharage yakaanikwa. Siku ya ukaguzi ikafika, nami sikutoka hata nje. Saa sita mchana mume wangu akarudi, akavua koti, akalitundika, akakaa kwenye kigoda chake. Akasema, "Nguruwe pori wameng'oa manne."

Nilimwuliza mara tatu, manne? Manne ya kweli? Nikaruka. Nilimkumbatia mama mkwe na mgongo wake ule mbovu, akapiga ukelele. Kesho yake nilikata ganda la mgomba pana kuliko yote kijijini.

Sitasahau siku ile. Tulipanda masale mapya, wanawake wa pande mbili mikono ndani ya udongo mmoja, Bwana Msitu akitazama na kuandika, halafu akaenda zake na kitabu chake. Mume wangu akabaki pale mpakani akilinda, ametupa mgongo kwa sababu ya mkwewe. Yeyo akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umekonda," akasema. Nikamlalia begani. Nilikunywa maziwa yale mpaka tumbo likawa ngoma. Halafu tukateleza. Jamani, tuliteleza! Mama mkwe, yule mwenye mgongo uliogoma, aliomba asukumwe "kidogo tu", na shangazi mmoja mwenye nguvu akamsukuma si kidogo. Alipita mbele yetu mikono juu, kilemba kikimfuata nyuma, akaingia kijitoni, akaibuka akitukana kwa furaha. Tangu siku hiyo mgongo ulipata nafuu kwa wiki mbili nzima, naye akasema ni dawa.

Mwaka uliofuata nguruwe waling'oa tena. Na mwaka mwingine. Na mwingine. Kila mara ni mwezi ule ule, mavuno yakiisha, na kila mara mume wangu anarudi na kutundika koti lake na kusema vile vile, "Nguruwe wameng'oa matatu," au "mawili," uso mkavu. Sisi tuliwapenda sana wale nguruwe. Nilikuwa nimeanza kwenda misheni kujifunza kusoma, na katika sala zangu niliwataja. Mwalimu aliposema tuwaombee wanaotutendea mema, wengine waliwaombea wazazi, mimi niliwaombea nguruwe. Kwa mume wangu sikuwa na sala ya aina hiyo. Niliishi naye vizuri, tulizaa, alikuwa hanipigi wala hanywi kupita kiasi. Lakini ndani yangu lilibaki donge. Nilijiambia, nguruwe wana huruma kuliko huyu. Na nilipochokozwa kidogo tu, nilimwambia hivyo hivyo.

Yeye alikuwa na jambo moja tu la kunikataza: nisikate majani chini kule nyuma ya banda la ng'ombe, ng'ambo ya mfereji. Alisema kuna nyoka wengi. Nami sikuwa na haja ya kwenda, majani yalikuwa tele kwingine.

Ukaja mwaka niliotaka kuusimulia tangu mwanzo.

Mama wa magadi alileta ujumbe mwingine sokoni, na mara hii hakupaza sauti. Yeyo alisema, "Mguu umekataa. Mwaka huu nitakuja hata kwa kushikwa mkono. Mwakani usinitegemee." Nilikaa chini pale pale kati ya vikapu vya watu. Niliporudi nyumbani nilimweleza mume wangu, nikamwambia, "Mwaka huu lazima." Akasema, "Bwana Msitu amechoshwa na nguruwe. Ameleta askari wawili wenye bunduki walale mpakani mpaka wawaue."

Mungu wangu. Kwa mara ya kwanza nikawahurumia nguruwe kwa dhati.

Siku zikapita. Kila mchana namwuliza, "Pengo?" Ananijibu, "Hakuna." Ukaguzi ukabaki siku tatu, mbili, ikawa ndiyo leo. Alfajiri ile aliondoka mapema kuliko kawaida, giza bado totoro, sikumsikia hata akisugua vifungo. Nikalala nikiwaza. Nikawaza yeyo akiukokota mguu wake kupanda mlima, akifika juu akakuta hakuna mtu. Kulipokucha nikaamua: nitakwenda kung'oa mwenyewe.

Nataka mnielewe. Kung'oa sale kulikuwa ni jambo la kutisha. Mtu aliyeng'oa sale la mpaka kwa makusudi angeweza kunyimwa hata moto wa jirani. Na hayo ni ya kwetu tu, bado ya boma. Mimi nilijua yote hayo, na nikachukua mundu na kamba kama ninayekwenda kukata majani. Ili mama mkwe asinione nikielekea juu, nikapita njia ya chini, nyuma ya banda la ng'ombe. Nikavuka mfereji. Nyoka waniume, nilikuwa sijali.

Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na masale.

Yamepangwa mstari mmoja, yamenyooka kwa namna ninayoijua, kwa sababu nilikuwa nimeishi na mwenye kuyanyoosha. Mwanzoni kulikuwa na manne marefu kunipita kimo, majani mapana, yenye afya. Baada ya hayo matatu, mafupi kidogo. Kisha mawili. Kisha matatu tena, na mengine, mwaka hadi mwaka, yakishuka kimo kama watoto wa nyumba moja. Na mwisho kabisa mawili yaliyochomekwa muda si mrefu, udongo wa shinani bado mbichi, umekandamizwa kwa kisigino cha mtu.

Sale likishang'olewa halitupwi. Linapandwa tena.

Nilikaa chini kwenye umande. Sikulia mara moja, kwanza niliyahesabu miaka. Kisha nikakumbuka "nguruwe wana huruma kuliko huyu", nikasikia aibu ya kuchoma masikio. Halafu nikaogopa. Mawili haya ni ya leo alfajiri, na askari wenye bunduki walikuwa mpakani! Kama walimwona akiinama? Kama walimtambua, na sasa wanamngoja arudi juu wamfunge? Nikakaa nikijizuia kukimbilia juu, kwa sababu ningekimbilia kumwambia nani nini?

Mchana alirudi. Mzima. Akavua koti, akalitundika, akakaa.

"Nguruwe wameng'oa mawili," akasema.

Nikauliza, "Na askari?"

"Wamewaona. Wanasema alikuwa mmoja, mkubwa kama ndama, wakampiga risasi ikamkosa." Akavuta kigoda. "Walikuwa wamelala fofofo. Hawawezi kumwambia Bwana walilala."

Nilimpakulia chakula, nikakiweka mbele yake, na juu ya kifuniko cha chungu nikaweka jani la sale nililolifunga fundo. Nilikuwa nimelikata kwenye lile refu kuliko yote, la mwaka wa kwanza. Jani pana vile halikuwepo pengine popote shambani mwetu, na yeye alilijua.

Alilitazama muda mrefu. Akauliza, "Umelikata wapi?"

"Kwenye nyoka," nikamwambia.

Akalichukua. Akanyanyuka, akaenda kwenye koti lake la serikali, akafungua kifungo cha mfuko, akalitia ndani, akakifunga. Akarudi kula. Alipofika nusu ya chakula akasema bila kuinua kichwa, "Mpelekee mama yako habari aanze safari mapema. Mguu usiharakishwe."

Nililia basi, huku nikikoroga ndizi.

Siku ya uwandani yeyo aliletwa na kaka zangu mpaka ukingoni mwa miti, wakamkabidhi kwa wanawake, wakarudi. Nilimkalisha kwenye nyasi, nikanywa maziwa yake, halafu nikamweleza yote sikioni. Masale, nyoka, askari, jani. Alinisikiliza mdomo wazi. Halafu akatazama kule mpakani, ambako mume wangu alikuwa amesimama wima, ametupa mgongo kama ilivyo heshima, koti limefungwa mpaka shingoni.

Mama mkwe na mkwewe hawasemeshani. Yeyo hakuvunja desturi. Aliomba ashikwe mkono, akasimama kwa mguu wake mmoja mzima, akageukia miti ya kule mpakani, wala si mtu yeyote, akapaza sauti kwa Kimeru kibovu alichokuwa amejifunza kwangu:

"Enyi nguruwe wa Meru! Nilitumwa na hasira nikawaita mbwa. Nisameheni. Mmenilindia mwanangu." Kisha akatema mate ya baraka kuelekea kule kule, mara mbili, kama wanavyobariki wazee wetu.

Wanawake hawakuelewa, wakadhani uzee umeanza. Mume wangu hakugeuka. Lakini niliona mabega yake yakitikisika ndani ya lile koti, na mkono wake ukaenda mfukoni ukabaki humo.

Kisha yeyo akadai kuteleza. Tulimkataza wote. Akasema, "Nimekokota mguu huu tangu jana ili nije kukaa?" Basi nikakaa nyuma, nikamweka mbele yangu kati ya miguu yangu, nikamshika kiunoni kama yeye alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, na tukasukumwa. Alipiga kelele njia nzima. Kijitoni hatukufika, nilipiga breki kwa visigino, akanigombeza kwa kumharibia.

Hakuja tena baada ya hapo. Aliishi miaka miwili zaidi, akitoka mlangoni kwa fimbo, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ili mimi niende kumwuguza. Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, Bwana Msitu akaondoka na vitabu vyake. Koti lilibaki. Mume wangu alilivaa mpaka viwiko vikatoboka, na lile jani lilikaukia mfukoni mle mle.

Masale ya nyuma ya banda yako hadi leo, yamekuwa msitu mdogo. Wageni wakifika shambani wanashangaa. Mwaka juzi alikuja kijana wa kupima viwanja, akasimama na kamba yake akikuna kichwa. "Bibi," akaniuliza, "huu mpaka unatenganisha nani na nani? Mbona pande zote mbili ni kwako?"

Nikamwambia ndiyo, pande zote mbili ni kwangu, na asiuguse.